Mholi usiozaa: kisa cha bustani moja ya Leicester

Mwenye bustani ni mama mzaliwa wa Mombasa, aliyehamia Leicester, katikati ya Uingereza, watoto wake wakiwa bado wadogo. Nyumba yake ni ya safu, ukuta kwa ukuta na jirani, na nyuma kuna kiwanja chembamba kinachokwenda hadi kwenye uzio wa mbao. Kando ya uzio umesimama mholi mkubwa (mti wa miiba uitwao holly kwa Kiingereza), aliourithi kwa mwenye nyumba wa zamani. Mwingine mdogo, wenye majani ya kijani yaliyopakwa ukingo mweupe, uko karibu na mlango wa jikoni. Huo aliletewa na mwanawe siku ya kumfurahisha. Mimi kazi yangu ni kutunza bustani za watu. Aliniita mwezi wa Disemba, shauri lake limeshakatika.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Njoo uone mti wenyewe. Umekula nafasi bure. Miaka yote hii sijaona tunda, na mti wa nyumba ya tatu pale umewaka mwekundu, ndege wote wako kwake. Ung'oe huu, nipande kitu kitakachowalisha ndege."

Nia yake ilikuwa njema. Alitaka bustani yenye ndege, vipepeo na kalunguyeye, na tayari alikuwa ameacha kipande cha nyasi kisikatwe. Aliyekuwa amemkosea ni mti tu, na sababu ya kumkosea ndiyo tuliyoitafuta kwa mwaka mzima uliofuata. Nakiandika kisa hiki kwa kirefu kwa sababu miholi mingi hung'olewa kwa shtaka hilohilo, na mara nyingi mti hauna hatia.

Kwa msomaji asiyeujua: mholi, Ilex aquifolium, ni mti wa asili wa Uingereza na wa Ulaya ya magharibi na kusini, na umevuka bahari hadi milima ya Moroko na Algeria. Hubaki kijani mwaka mzima, jambo ambalo ni miti michache tu ya asili ya Uingereza inayoliweza. Ukiachwa unaweza kufika mita 15 na kuishi miaka 300. Majani yake ni magumu, yanang'aa kama yamepakwa mafuta, na yale ya chini yana miiba mikali pembeni. Matunda huanza kuwa mekundu kama mwezi wa Oktoba, na yasipoliwa hukaa mtini hadi Machi. Watu humkumbuka mholi wakati wa Krismasi, wanapokata matawi ya kupamba nyumba. Zamani wafugaji wa vilima vya kaskazini mwa Uingereza walikata matawi ya juu, yasiyo na miiba, wakawapa ng'ombe na kondoo wakati wa theluji.

Afrika ya Mashariki tunaye ndugu yake. Ilex mitis huota kwenye misitu ya milimani, Usambara, Kilimanjaro na Mlima Kenya, hupenda kandokando ya mito, na matunda yake mekundu huliwa na ndege vilevile. Majani yake hayana miiba mikali ya Ulaya. Mtu wa Lushoto au Limuru anayetaka mti wa asili wa kuvuta ndege ana wake wa kwao, na mengi nitakayoyaeleza kuhusu dume na jike yanamhusu pia.

Kwa nini mholi unakosa matunda

Sababu zinajulikana, na kazi ni kuziondoa moja moja mpaka ibaki ile ya kweli.

Ya kwanza ni umri. Mholi uliotoka kwenye mbegu haukimbilii kuzaa. Unaweza kukaa miaka kumi na zaidi kabla ya kuchanua. Huu wa uzioni shina lake lilikuwa nene kuliko paja la mtu, kwa hiyo umri haukuwa kisingizio. Kivuli nacho hupunguza maua, lakini mti ulikuwa unapata jua la asubuhi hadi mchana. Jalidi ya mwezi wa Mei inaweza kuunguza maua yakiwa wazi, na kiangazi kikavu kinaweza kuangusha vitunda vichanga. Haya mawili huharibu mwaka mmoja, pengine miwili. Hayawezi kuufunga mti usizae tangu mama ahamie, huku wa jirani ukizaa chini ya hali ya hewa ileile.

Zikabaki mbili: jinsia ya mti na mkasi.

Jinsia niliianzia kwa mpapai, maana hakuna mtu wa pwani anayehitaji kuelezwa mpapai dume ni nini. Unapanda, unamwagilia, unangoja, kisha unatoa mashada marefu ya maua na hakuna papai. Mholi uko hivyohivyo. Mti mmoja hutoa maua ya kiume peke yake, mwingine maua ya kike peke yake, na ni wa kike tu unaozaa, tena kwa kawaida iwapo chavua ya dume imefika.

Mama alinikatiza: "Basi dume si hukatwa? Shambani kwa babu dume lilikatwa."

Lilikatwa, ndiyo, lakini si madume yote ya shamba. Mkulima anayejua kazi yake huacha moja. Hapa, hata hivyo, hatukuwa tumejua bado kama mti ni dume. Disemba mholi usio na matunda hauna njia nyepesi ya kuonyesha jinsia yake. Majani hayasemi, wala gome. Inabidi kungoja Mei, maua yafunguke. Nikamwomba asiguse mti hadi wakati huo, naye akakubali kwa shingo upande.

Kuhusu ule mdogo wa mlango wa jikoni hatukuhitaji kungoja. Kibandiko cha dukani kilikuwa bado kinaning'inia kwenye kitawi: 'Silver Queen'. Mwanawe alichagua huo makusudi, akiamini kwamba mti wenye jina la malkia lazima uwe jike na utamzalia mama yake matunda. 'Silver Queen' ni dume. Na ule uitwao 'Golden King', wa mfalme, ni jike na huzaa vizuri. Majina hayo waliyatoa watu wa vitalu zamani na yamebaki hivyo, na kila mwaka yanawapoteza wanunuzi. Anayenunua mholi wa aina yenye jina asome maelezo ya jinsia, au auulize mti wenyewe kwa kuununua Novemba ukiwa na matunda juu yake. Ushahidi huo hauna shaka.

Kwa hiyo kabla hata ya Mei tulijua kwamba dume moja lipo uwani. Iwapo mti mkubwa ulikuwa jike, ungekuwa na mwenza hatua chache tu kutoka alipo, na nyuki wangemaliza kazi. Kwa nini basi haukuzaa?

Mkasi wa Agosti

Hapo ndipo mkasi unapoingia. Kila Agosti alikuja mtu na mashine ya umeme akauzungusha mti ukawa kama tufe. Mama aliupenda ule unadhifu, na jirani walimsifu.

Maua ya mholi hutokea kwenye makwapa ya majani, hasa kwenye vitawi vilivyokua mwaka uliotangulia. Chipukizi la mwaka huu ndilo litakalobeba maua Mei ijayo. Ukilikata Agosti umekata maua kabla hayajazaliwa, na ukifanya hivyo kila mwaka unapata mti wenye afya, mzito wa majani, usiochanua. Mti ulio jike utaonekana tasa. Dume halitatoa chavua ya kutosha. Ukiutazama mti wa namna hiyo Disemba hutaweza kujua ni upi kati ya hayo mawili, na hapa ndipo watu wengi wanapochoka na kuita shoka.

Ni jambo ninalokutana nalo katika bustani nyingi za Uingereza kuliko ugonjwa wowote. Mti umepandwa kwa ajili ya ndege, halafu unapogolewa kwa ajili ya macho ya watu. Sipingi kupogoa, mholi unavumilia mkasi kuliko miti mingi na unaweza kukatwa hadi kwenye shina ukachipua tena. Swali ni lini, na kwa kiasi gani. Wakati mwafaka kwa bustani ya viumbe ni mwisho wa baridi, Januari hadi Februari, matunda yakiwa yameshaliwa na ndege hawajaanza kujenga. Kisha usikate mti wote: upande mmoja mwaka huu, mwingine mwaka ujao au wa tatu, ili kila Mei kuwe na matawi ya mwaka uliopita yenye maua. Kuanzia Machi hadi Agosti mashine ikae ndani. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1981 ya kulinda wanyamapori imefanya kuwa kosa kuharibu kwa makusudi kiota kinachotumika, na mholi mnene wenye miiba ni mahali ambapo ndege hupenda kujificha na vifaranga kuliko karibu mti wowote wa bustani. Tuliupekua ule tufe tukakuta ndani viota viwili vikuukuu. Mama alivitazama muda mrefu. Hakuwa amejua kwamba mti wake una wapangaji.

Mei

Mti uliokatwa kila mwaka haukosi kabisa ua. Mashine hupita juu, na ndani, karibu na shina, hubaki vitawi ambavyo haikuvifikia. Mei tulifungua majani kwa glavu nene tukayaona: maua madogo meupe yenye petali nne, yamekusanyika kwenye vikonyo vifupi.

Kulitambua ua la mholi ni rahisi ukishajua pa kuangalia. Ua la kike lina kidonge cha kijani katikati, hicho ndicho kitakachokuwa tunda, na pembeni kuna stameni, yaani vijiti vya kiume vya ua, nne dhaifu zisizo na chavua. La kiume lina stameni nne ndefu zilizosimama, zenye unga wa manjano, na katikati hakuna kitu cha maana. Lile la mama lilikuwa na unga wa manjano. Akaligusa kwa kidole, kidole kikabaki na vumbi.

Mti mkubwa dume, mdogo dume.

Hapa mtu angesema kesi imekwisha, hukumu ya Disemba ilikuwa sahihi na mti uondoke. Mimi nilimwambia mama kwamba sasa ndiyo tumepata sababu ya kuuacha. Nilimwomba tukae kwenye viti vyake vya plastiki tuutazame tu, tusiseme. Kwenye yale maua machache ya ndani walikuja nyuki wa asali, nyuki wakubwa wenye manyoya, na nzi wa maua wale wenye mistari ya kujifananisha na nyigu. Mholi dume una maua mengi kwa shada kuliko jike, na unatoa chavua pamoja na nekta. Kwa mdudu, dume ni karamu.

Tena mholi jike wa kawaida hauzai matunda bila dume mahali fulani. Ule wa nyumba ya tatu, uliomtia mama wivu, haujizalishi. Chavua yake inaletwa na nyuki kutoka kwenye madume ya mtaa, na dume lililo karibu kuliko yote ninayoyajua pale ni la mama huyu. Nilipomweleza hivyo alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe ndege wa jirani tunawalisha pamoja." Tangu siku ile hakutaja tena kuung'oa.

Leicester, kwa bahati, ndio mji unaofaa kuliko yote kwa somo hili. Mwanabiolojia Jennifer Owen, aliyewahi kuishi Uganda na Sierra Leone kabla ya kuhamia huko, alichunguza bustani ya nyumba yake ya kawaida mjini humo kwa miaka 30, kuanzia 1972 hadi 2001. Alihesabu spishi 2,673: mimea 474, wadudu 1,997, viumbe wengine wasio na uti wa mgongo 138, na wenye uti wa mgongo 64. Bustani yake haikuwa hifadhi. Ilikuwa na maua, mboga na miti kama za majirani, isipokuwa hakunyunyiza sumu na hakuwa na haraka ya kufagia kila kitu. Hesabu yake ninaitaja kwa kila mteja anayeamini kwamba kiwanja chake ni kidogo mno kuwa na maana. Karibu robo tatu ya viumbe aliowaandika ni wadudu, na ndege anayeangaliwa dirishani amejengwa kwa wadudu hao, hasa akiwa kifaranga.

Kiwavi kwenye kikonyo

Agosti ile mashine haikuja. Mti ulivimba, ukapoteza umbo lake la tufe, na mama alilazimika kuwaeleza majirani kwamba hajaugua wala hajafilisika. Majira ya kuchipua yaliyofuata mti ulijaa maua kila tawi.

Pamoja na maua ulikuja wasiwasi. Alinipigia simu: mti unaliwa. Nilipofika nilikuta vikonyo vya maua vimetobolewa, na kwenye kimoja alikuwepo kiwavi mnene mfupi wa kijani, umbo la konokono asiye na ganda, amezamisha kichwa ndani ya kichipukizi cha ua. Mama alikuwa ameshashika chupa ya dawa ya kunyunyiza.

Nilimwomba aiweke chini, kwa kuwa huyo alikuwa mgeni bora kuliko wote tuliowangojea. Ni kiwavi wa kipepeo wa buluu wa mholi, Celastrina argiolus, kipepeo mdogo ambaye upande wa chini wa mbawa zake ni buluu hafifu yenye vidoa vyeusi. Vipepeo wa kwanza wa mwaka hutoka Aprili na Mei, na jike hutaga mayai hasa kwenye vichipukizi vya maua ya mholi. Kwenye mholi jike viwavi hula pia vitunda vichanga. Kwenye dume hula maua na majani laini, na hakuna tunda linalopotea. Kwa hiyo yule mama aliyeusuta mti wake kwa udume alikuwa amewapa vipepeo hawa meza isiyomgharimu chochote.

Maisha ya kipepeo huyu yanahitaji mmea wa pili. Kizazi cha pili huruka mwezi wa Julai na Agosti, wakati mholi umeshamaliza kuchanua, nacho hutaga kwenye maua machanga ya aivi, mtambaazi wa kijani unaopanda kuta na miti. Viwavi wa kizazi hicho ndio wanaogeuka bundo, hatua ya kutulia kati ya kiwavi na kipepeo, na kupitisha baridi. Kwenye banda la vifaa la mama huyu kulikuwa na aivi iliyokomaa, na mwanawe alikuwa amepanga kuibomoa kwa kuwa inaonekana chafu. Tulizungumza naye. Aivi ikakatwa ile iliyoingia kwenye paa, ikaachwa ya ukutani ambayo ndiyo yenye maua. Mtu akiniuliza kitu kimoja tu cha kuongeza kwenye bustani yenye mholi, nitamjibu aivi iliyokomaa, tena bila kusita: maua yake ya Septemba na Oktoba hulisha nyuki wakati mengine yameisha, na matunda yake meusi huiva mwisho wa baridi, baada ya yale ya mholi kupungua.

Kuna miaka kipepeo huyu atakuwa kila mahali na kuna miaka atakuwa adimu. Moja ya sababu ni nyigu mdogo, Listrodromus nycthemerus, anayetaga yai ndani ya kiwavi, na funza wake humla kiwavi huyo akiwa hai mpaka aliyebaki kwenye bundo ni nyigu. Vipepeo wakiongezeka nyigu huongezeka, vipepeo hushuka, nyigu nao hushuka, halafu mzunguko huanza upya. Nilimweleza mama mapema ili asije akadhani mwaka wa uhaba umetokana na kosa lake.

Swali jingine lilikuwa la mabaka. Majani mengi ya mholi yana mabaka ya manjano na kahawia, kama lengelenge lililokauka. Huyo ni funza wa nzi mdogo, Phytomyza ilicis, anayeishi kati ya ngozi ya juu na ya chini ya jani wakati wote wa baridi. Mti haudhuriki kwa maana yoyote. Ukiona lengelenge limepasuliwa kwa umbo la pembetatu, hapo ndege mdogo amechokoa na kumtoa. Dawa ya kuua funza huyo ingemnyima ndege chakula cha Januari ili jani lipendeze.

Mti wa tatu

Mama bado alitaka matunda, na alistahili kuyapata. Palikuwa na nafasi kwenye pembe ya kusini-magharibi, mbali na njia ya wajukuu.

Chaguo lilikuwa baina ya mawili. Kuna aina iitwayo 'J.C. van Tol', jike linalozaa hata bila dume, lenye miiba michache. Ni msaada mkubwa kwa mwenye nafasi ya mti mmoja tu. Lakini hapa madume mawili yalikuwepo tayari, kwa hiyo sikuona sababu ya kutafuta aina yenye jina. Tulichukua mholi wa kawaida wa asili, uliooteshwa kwa kipandikizi cha mti jike, kutoka kitalu cha humohumo katikati ya Uingereza. Ulikuwa kwenye chungu kidogo, ukifika kiunoni, na ulikuwa na matunda machache. Mdogo ni bora: mholi mkubwa hauvumilii mizizi yake kusumbuliwa, na wa futi mbili tatu utaupita wa futi sita ndani ya miaka michache.

Tuliupanda Oktoba, udongo ukiwa bado na joto. Udongo wa pale ni mfinyanzi mzito unaoshika maji, na mholi hauchagui sana udongo lakini haupendi miguu yake ikae majini. Shimo lilikuwa pana, na kina chake kilikuwa sawa na kile cha chungu, si zaidi, maana shimo refu kwenye mfinyanzi hugeuka kisima. Hatukutia mbolea. Juu tulitandaza majani makavu yaliyooza, bila kuyagusisha na shina.

Aprili mama alipiga simu tena, sauti imepanda: majani yanaanguka. Nilimuuliza swali moja tu, yanaanguka au yananyauka yakiwa yameshikilia? Yanaanguka. Wazee wa bustani wa Uingereza wana kipimo hiki na kimenisaidia mara nyingi: mholi uliohamishwa ukidondosha majani, unajiokoa, yakikauka na kung'ang'ania tawini, unakufa. Kufikia Juni ulikuwa umetoa machipukizi mapya mekundu-mekundu. Tuliumwagilia viangazi viwili vya kwanza, ndoo nzima kwa wiki wakati wa ukame badala ya kikombe kila siku.

Wajukuu walielezwa. Matunda ya mholi ni sumu kwa binadamu, hutapisha na kuharisha, na rangi yake inamvutia mtoto mdogo kuliko chakula chochote. Ndege hula bila kudhurika na kuzitoa mbegu mbali. Majani makavu yaliyoanguka nayo yana miiba ileile, kwa hiyo mti usipandwe kando ya nyasi ambako watoto wanacheza pekupeku.

Nani aliyekula

Baridi ya kwanza matunda ya jike jipya yalikuwa ya kuhesabika kwa vidole, yakaliwa asubuhi moja na ndege aitwaye mkesha mweusi, mwenye mdomo wa manjano. Mama alifurahi kana kwamba amepokea wageni kutoka nyumbani.

Kwa mti wa jirani, uliojaa, mambo yalikuwa mengine, na tuliyaona vizuri kutoka dirisha lake la juu. Mkesha mkubwa wa kijivu mwenye kifua cha madoa, Turdus viscivorus, aliukalia ule mti kama mlinzi wa ghala. Kila ndege aliyetua alifukuzwa kwa kelele za kukereza. Tabia hii ilichunguzwa kwa makini kusini mwa Uingereza na Barbara na David Snow katika miaka ya 1980. Mkesha huyu hali hovyo kwenye mti anaoulinda. Hutafuta chakula kwingine kwanza na kuutunza kama akiba, kwa hiyo mti wenye mlinzi unaweza kubaki mwekundu hadi majira ya kuchipua huku mingine imeshabaki mitupu. Kinachomshinda ni kundi. Baridi kali ikishuka kaskazini, mikesha wahamiaji kutoka Skandinavia huingia kwa makundi, na mlinzi mmoja hawezi kuwakabili wote. Mti humalizika kwa siku chache.

Hilo lilimjibu mama swali alilouliza Disemba ile ya kwanza, kwa nini "ndege wote" wako kwa jirani. Hawakuwa wote. Mara nyingi alikuwa mmoja, akiwazuia wengine. Mtaa ukiwa na mholi mmoja tu wenye matunda, mlinzi mmoja anaumiliki. Ikiwa mitatu au minne, hawezi kuilinda yote, na ndege wadogo wanapata riziki. Kwa sababu hii mti jike wa mama una thamani kubwa kuliko idadi ya matunda yake.

Hali ilivyo sasa: dume kubwa linakatwa Februari, upande wa jirani tu mwaka mmoja na wa ndani mwaka mwingine, na chini yake majani yaliyoanguka hayafagiwi, kwa kuwa marundo hayo makavu yenye miiba ndipo kalunguyeye hulala baridi bila kusumbuliwa na mbwa. 'Silver Queen' imebaki mlangoni. Huwa ninaondoa tu matawi yanayotoka ya kijani tupu, ambayo yana nguvu zaidi na yangeufunika mti wenyewe yakiachwa. Jike limefika begani mwa mama.

Majirani wawili wameomba miche. Mbegu ningewashauri wasijaribu, si kwa sababu hazioti, bali hukaa ardhini hadi majira ya pili ya kuchipua na wakati mwingine ya tatu kabla ya kuamka, na baada ya subira hiyo yote bado hujui umeotesha dume au jike. Tumechukua vipandikizi mwanzoni mwa Septemba, vitawi vya mwaka huu vilivyoanza kukomaa, urefu wa kiganja, majani ya chini yameondolewa na gome limekwanguliwa kidogo upande mmoja wa mwisho wa chini. Vimo kwenye vyungu vya mchanga na mboji, vimefunikwa plastiki, nyuma ya banda lenye aivi. Kwa kalamu isiyofutika mama ameandika kwenye kila chungu "jike" au "dume", na majirani wameambiwa wachukue kimoja kimoja cha kila aina.